Jina la Baba Mkwe Wako ni Nani?

Vijana wa ofisi wameniomba niwaachie maelezo ya makabidhiano, ukurasa mmoja au miwili, wa kuonyesha faili gani iko wapi. Faili ziko pale pale zilipokuwa. Mnachokosa ni mambo ambayo hayamo kwenye faili, na kwa kuwa sasa asubuhi sina wa kunisubiri isipokuwa kuku wa mke wangu, Mama Ndinda, nimeketi kuyaandika. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuchora ile skrini inayomuuliza mtu yeye ni nani kabla kompyuta haijamruhusu kupita. Watu hudhani huo ni ukurasa wenye visanduku viwili na kitufe kimoja. Hata mimi nilidhani hivyo.

Nilianzia Athi River, kule EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, nikiwa karani wa langoni kwenye kiwanda kimoja cha nguo. Siku niliyoripoti walikuwa wamefunga mashine mpya ya kusajili wafanyakazi wanapoingia zamu. Unabonyeza nambari yako ya kazi, kisha nambari ya siri, taa ya kijani inawaka, unapita. Ukikosea, mashine iliandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa nyekundu: INVALID CREDENTIALS. Mshonaji mmoja, mama wa kutoka Katelembo, aliyasoma maneno hayo pole pole, akageuka, akaondoka. Nilidhani amekasirika. Kesho yake alirudi na bahasha ya kaki, akatoa cheti chake cha shule, cheti cha kuzaliwa na barua ya chifu, akanipangia mezani.

"Mashine imesema makaratasi yangu si ya ukweli," akaniambia. "Angalia wewe mwenyewe."

Alikuwa amekosea tarakimu moja tu. Kwa tarakimu hiyo alikuwa amekosa zamu ya siku nzima na kumsumbua chifu. Niliona aibu kana kwamba mashine ni yangu. Nikachukua kipande cha katoni, nikaandika: UMEKOSEA NAMBARI. JARIBU TENA. Nikakibandika chini ya ile taa kwa selotepu. Hiyo ndiyo skrini yangu ya kwanza, na kusema kweli sijawahi kuchora nyingine iliyofanya kazi haraka hivyo.

Katoni hiyo ndiyo iliyonipeleka Machakos mjini. Fundi aliyekuja kukagua mashine aliisoma, akacheka, akaniambia kuna mama mmoja anayetafuta mtu mwenye akili ya namna hiyo. Mama huyo alikuwa Bi. Wayua. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu, chini yetu duka la saruji na mabati, na kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya mifumo ya kompyuta kwa vyama vya wakulima, shule na hospitali. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa ngumbaru, akiwafundisha watu wazima kusoma, kwa hiyo hakuwa mtu wa kubabaishwa na wenye digrii.

Vifaa vyake vilikuwa makasi, kalamu nene na katoni. Tulikuwa na kompyuta, lakini hakuniruhusu kuigusa kwa miezi yangu miwili ya kwanza. Kila skrini aliichora kwenye katoni, akaikata, akashuka nayo sokoni, akamsimamisha mtu yeyote, muuza ndizi au mama aliyekuja kununua mbegu. "Soma kwa sauti," anamwambia. "Sasa gusa pale ungegusa." Yule mtu akiuliza swali lolote, hata dogo, Bi. Wayua aliipasua katoni mbele yake, akamshukuru, akapanda ngazi. Nilimuuliza siku moja kwa nini asimweleze tu mtu huyo maana yake.

"Utakuwa unasimama kando ya kila kompyuta ukielezea?" akaniuliza. "Basi nunua viatu vingi."

Yeye ndiye aliyelifuta neno "Toka". Nyinyi mmeikuta skrini ikisema "Nimemaliza" na mkadhani ni urembo. Zamani kitufe cha kufunga akaunti kiliandikwa "Toka", na katibu wa chama kimoja cha wakulima, mzee wa kanisa, mtaratibu, alikuwa anaiacha akaunti yake wazi wiki nzima. Wenzake walimshtaki kwa uzembe. Bi. Wayua alimfuata, akamuuliza polepole. Mzee akasema hawezi kubonyeza kitu kinachomfukuza. Kwao, akasema, "Toka" huambiwa mbwa na mapepo. Nilipocheka, Bi. Wayua aliniangalia mpaka nikaacha.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la herufi moja. Ulikuwa umekuja mtindo wa kumtumia mtu tarakimu sita kwa simu ili aziandike kwenye skrini, kuthibitisha kwamba ni yeye. Mimi niliandika: "Nambari yako ya siri imetumiwa." Nilitaka kusema imetumwa. Asubuhi hiyo simu ya ofisi haikupumzika. Karani mmoja wa shule alikuwa anapiga kelele: "Imetumiwa na nani? Mimi niko hapa, sijaitumia!" Aliogopa kuwa mwizi ameshaingia. Bi. Wayua alinipa karatasi, akanifanya niandike tuma, tumwa, tumia, tumiwa mara hamsini kama mtoto wa shule. Nikaandika zote, na nilikuwa nimeshaoa.

Alipostaafu na kwenda kulima kwake Yatta, aliniachia makasi. Mimi nikaanza kuchora moja kwa moja kwenye kompyuta. Ilikuwa haraka zaidi, na wateja walipenda rangi. Mambo nayo yalikuwa yameanza kuwa magumu: paswadi pekee haikutosha tena, kila mteja alitaka mtu athibitishwe kwa njia mbili, tatu. Hapo ndipo tulipopata kazi ya hospitali moja binafsi, ambayo sitaitaja. Walikuwa na stoo ya dawa kali za maumivu, na kabati lake lilifunguliwa kwa kompyuta. Muuguzi aliandika paswadi, akaletewa tarakimu sita kwa simu, kabati likafunguka. Akiwa hana simu, skrini ilimuuliza swali la siri.

Swali lipi? Hapo nilikuna kichwa. Vitabu vya kazi yetu husema uliza jina la ukoo la mama yako kabla hajaolewa. Huku kwetu hilo kijiji kizima kinalijua. Shule uliyosoma imo Facebook. Nikakaa na swali hilo siku tatu, kisha nikapata jibu lililonifurahisha sana: jina la baba mkwe. Wauguzi wengi walikuwa wanawake walioolewa, wenye vitambulisho vya majina ya baba zao wenyewe. Jina la baba mkwe halimo kwenye karatasi yoyote ya kazini. Halitajwi ovyo. Nami nilijua kabisa kwa nini halitajwi ovyo. Mimi ni Mkamba, nimelelewa na nthoni, ile heshima kati ya wakwe inayomfanya mke asiliweke mdomoni jina la baba ya mumewe. Nikajiambia kwamba ndiyo maana linafaa kuwa siri, na kwamba kuandika si kutamka. Nilijiona mjanja. Swali la akiba, endapo la kwanza litashindikana, niliweka jina la kifungua mimba wako. Hilo nalo niliona halina neno.

Nilijaribu maswali hayo kwa watu watano ofisini: wanaume wanne, na msichana mmoja ambaye hakuwa ameolewa na aliyeniuliza yeye aandike nini. Nikamwambia aruke. Bi. Wayua angeipasua skrini hiyo papo hapo.

Mwaka uliofuata niliitwa hospitalini kwenye kikao cha nidhamu, kama shahidi wa mtambo. Anayeshtakiwa alikuwa Sista Kalondu, muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji, mama mnene kiasi, miwani imefungwa kwa uzi, miezi michache tu astaafu. Mwenyekiti alikuwa Daktari Njeri, msimamizi wa hospitali, aliyezaliwa Matuu kwa wazazi Wakikuyu, wafanyabiashara kutoka Murang'a. Upande wa mashtaka alikuwa Bwana Simiyu, mkuu wa usalama wa mifumo, kijana mwangalifu asiye na ubaya wowote. Alisoma kumbukumbu kutoka kwenye kompyuta yake.

Simu ya Sista ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji nyumbani asubuhi ile. Alipofika zamu, mgonjwa aliyevunjika paja alikuwa anahitaji dawa ya maumivu. Akaandika paswadi, sawa. Bila simu, skrini ikamuuliza jina la baba mkwe wake. Akaandika "Mzee". Si sahihi. Akaandika "Babu". Si sahihi. Akaandika "Baba". Skrini ikajifunga. Akapiga simu ya mezani kwa ofisi ya usalama, na karani akamuuliza swali lile lile kwa mdomo. Akajibu, "Siwezi." Karani akamuuliza la akiba: kifungua mimba wako anaitwa nani? Sista hakujibu. Mgonjwa alisubiri nusu saa mpaka muuguzi wa wodi nyingine alipokuja kufungua.

"Na karani akaandika hivi," Bwana Simiyu akasema, akasoma bila kuinua macho. "Hajui jina la mwanawe."

Nilimwona Sista akishika ukingo wa meza.

Shtaka lilikuwa kwamba akaunti haikusajiliwa na yeye, kwamba siri zake alimpa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anajua majibu. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa kufukuzwa kazi. Nami nilikuwa nimeandika sheria hiyo kwa mkono wangu, kwenye ukurasa wa pili wa maelezo ya mtambo.

"Sista, fomu ya usajili ulijaza wewe?" Daktari Njeri akamuuliza.

"Nilijaza yote. Hizo laini mbili zikajazwa na bwana yangu."

"Kwa hivyo ulimpa mtu mwingine siri ya akaunti yako."

"Nilimpa bwana yangu karatasi aandike jina la babake."

"Na la mtoto? Kwa nini usiandike la mtoto?"

Sista alikaza uzi wa miwani yake. Daktari akamwambia kwa upole kwamba kikao kinaweza kwisha sasa hivi. Aseme tu jina moja kati ya hayo mawili, lilingane na lililo kwenye mtambo, arudi kazini.

"Daktari, mimi nakuheshimu sana," Sista akasema. "Lakini huyo mzee yuko hai. Yuko kwangu. Uji wake wa asubuhi napika mimi. Kama ni kazi, chukueni. Jina lake sitaliweka mdomoni."

"Sawa, la mzee tuache. Jina la mtoto?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi Wakamba kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake, baba ya baba. Jina ni lile lile moja. Nilikuwa nimemuuliza mama huyu swali moja mara mbili, na katika swali la pili nilikuwa nimemfunga mdomo kwa jina la mtoto wake mwenyewe. Nikasimama, nikaeleza. Nilieleza vibaya, maneno yakigongana.

Bwana Simiyu alisikiliza mpaka mwisho. "Mzee Nzioka, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini mama awe na mtoto miaka thelathini bila kumwita jina? Hiyo ni ngumu kuamini. Atakuwa anamwitaje?"

Swali hilo lilinikumbusha nyumba yangu. Kifungua mimba wetu anaitwa Kioko, jina la baba yangu; Ndinda ni mdogo wake. Mama Ndinda humwita Mzee. Tangu akiwa kwenye nepi anamwita Mzee. Mimi nilidhani ni kumdekeza.

Nikatoa simu, nikamwomba Daktari ruhusa, nikaiweka mezani kwa sauti ya juu. Mama Ndinda alishika mara moja. Nyuma yake kuku walikuwa wakigombana.

"Mama Ndinda," nikasema, "kifungua mimba wetu anaitwa nani?"

"Mzee amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nataka jina lake tu."

"Kwani umesahau?"

"Sijasahau. Nataka uliseme wewe."

Akawafukuza kuku kwanza. 

"Wewe Nzioka, uko na watu hapo?"

"Niko na watu."

"Basi waambie wakupime kichwa." Akakata simu.

Daktari Njeri alikuwa wa kwanza kucheka, akajaribu kuzuia, akashindwa. Alisema nyanyake alikuwa vile vile, ila alidhani mambo hayo yaliondoka naye. Bwana Simiyu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akamwambia Sista, "Pole, mama." Mimi nilikuwa nimekaa nikitazama simu. Mwanangu ana miaka thelathini na mmoja. Nimeishi na swali hilo chini ya paa moja, nikila nalo meza moja, na nikaenda kuliandika kwenye skrini ya watu.

Sista alirudishwa kazini kesho yake. Mimi nilirudi ofisini, nikatafuta makasi ya Bi. Wayua, nikaomba katoni kwenye duka la saruji. Safari hii nilishuka sokoni na katoni kumi na moja, na nikazirudisha vipande vipande. Mkitaka kujua kwa nini skrini ya hospitali leo haina swali lolote letu, ni hivyo. Mtu huandika swali lake mwenyewe na jibu lake mwenyewe. Akikosa hilo pia, wenzake wawili wa zamu huandika paswadi zao na kubonyeza "Huyu namjua". Bwana Simiyu aliipinga njia hiyo kwa barua ndefu, kisha akaijaribu kwa mwezi mmoja, kisha akaanza kuisifu kwa wageni kama yake. Mwacheni.

Sista Kalondu alikuwa wa kwanza kusajiliwa upya. Nilimwandalia kiti, nikafungua ukurasa, nikaanza kumwelekeza: hapa unaandika swali, hapa chini jibu.

"Umeniuliza vya kutosha," akasema. "Geuka huko."

Nikageuka, nikatazama ukutani, kalenda ya kampuni ya glavu. Nilimsikia akiandika kwa kidole kimoja, taratibu, kisha akacheka peke yake. Sikuwahi kujua aliandika nini, na kwa mara ya kwanza tangu niianze kazi hiyo niliona swali la siri lililokuwa siri kweli.

Alipomaliza hakuinuka.

"Na ile laini?" akauliza.

"Laini gani?"

"Ya yule karani. Kwamba sijui jina la mtoto wangu. Bado iko?"

Ilikuwa bado iko. Kumbukumbu za mtambo ule hazifutiki. Mimi ndiye niliyesisitiza zisifutike, ili asiwepo mtu wa kuficha kosa lake. Nilimweleza hivyo, na nikaona haya nikimweleza. Nikamwambia kwamba kitu pekee ninachoweza ni kuongeza laini chini yake, yenye jina langu.

"Basi ongeza."

Nikaandika, yeye akisoma nyuma ya bega langu, miwani imeshuka puani: "Analijua kuliko sisi sote. Swali lilikuwa langu, na lilikuwa baya. Nzioka."

Aliisoma mara mbili. Mara ya pili alisogeza kidole neno kwa neno, hadi kwenye jina langu.

"Sawa," akasema. "Sasa hata mtoto wangu, Mzee, anaweza kuisoma." Akachukua mkoba wake, akaenda wodini.